Jiko Linalogonga Likiwa Baridi

4 Mei

Mdogo wangu Cheche,

U hali gani huko? Mimi mzima, ila mgongo umekuwa na tabia zake kwa kuinamia cherehani kutwa nzima. Sare za shule zimejaa hadi juu ya kabati, na kila mzazi anataka ya mwanawe iwe tayari jana. Paka amezaa ndani ya kikapu changu cha vitambaa, kwa hiyo nashona huku watoto wake wananipanda miguuni. Kijiko changu kikubwa cha supu kimepotea. Nimepekua jikoni mpaka nimechoka. Jirani mwenye duka anakusalimu, anasema umetutupa.

Naandika barua kwa sababu simu ukiona namba ya nyumbani hupokei, na usibishe. Tena ulinionya nisikuandikie habari za mzee. Haya, simtaji. Nakuandikia habari za jiko.

Lile jiko la kuni la sebuleni, kazi ya mwisho mliyofanya pamoja wewe na yeye kabla hujaondoka, limeanza vituko. Likishika moto linalia ti, ti, ti. Likikolea linanguruma utadhani lori linapanda mlima. Mlangoni kuna mluzi. Halafu kuna kugonga. Mdogo wangu, linagonga! Mimi ni mshonaji, chuma sikijui, na hapa nilipo sielewi kichwa wala miguu.

Nilimwita mwashi wa mtaani. Akaweka sikio, akatikisa kichwa, akasema ling'olewe, siku moja litatuchoma. Na baridi ndiyo hiyo imeanza. Nyumba hii bila jiko haikaliki, wewe unajua, lakini nyumba iliyoungua nayo haikaliki. Nimemwomba mwashi anisubiri kidogo. Niambie nifanye nini.

Dada yako


17 Mei

Dada, shikamoo.

Barua imenifikia karakanani, dereva wa lori aliileta ikiwa imelowa grisi. Mimi sijambo. Tunatengeneza mabehewa, kazi ni nyingi, kelele ni nyingi zaidi. Nakaa chumba kimoja na fundi umeme ambaye anakoroma na kula mkate wangu, kisha ananiuliza nani kala mkate.

Kwanza, mwashi akae na matofali yake. Jiko lisiguswe.

Pili, usizichanganye hizo sauti, kila moja ina lake. Ile ti, ti, ti si ugonjwa. Chuma kikipata moto kinatanuka, kikipoa kinasinyaa, lazima kilie. Liache lilie. Mluzi maana yake hewa inapenya pembeni mwa mlango. Angalia ile kamba nene inayozunguka mlango kwa ndani, bila shaka imeliwa na moto. Nunua nyingine, ibandike. Ngurumo ndiyo ya kuogopa. Moto unavuta hewa kupita kiasi, na kama bomba limejaa masizi yanaweza kuwaka humo humo. Funga kile kitundu cha hewa hadi nusu, na mtafute mtu akwangue bomba kuanzia juu. Usipande mwenyewe, nakujua. Kuni ziwe kavu. Ukigonga kuni mbili zikatoa sauti butu, bado mbichi.

Kugonga kutakuwa chekeche la majivu limelegea. Likaze.

Nisalimie wote.

Cheche


29 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Unasema nisalimie wote. Wote ni akina nani? Nyumba hii tuko wawili na paka. Paka nimemsalimia.

Hapa hatujambo. Sare za shule zimekwisha, sasa nimeanza za wauguzi, nyeupe tupu, na watoto wa paka miguu yao ndiyo hiyo ya masizi. Nimewafungia bafuni, wanalia kama wameonewa.

Nimefanya yote uliyosema. Kamba mpya nimebandika, mluzi umekoma, na vidole vyangu viliganda na gundi siku nzima. Mtu wa kukwangua bomba alikuja, akatoa masizi ndoo tatu, akatoka mweusi kiasi kwamba mkewe alimpitisha mlango wa nyuma. Ngurumo haipo tena. Ile ti, ti, ti nimeizoea, sasa naipenda. Kwa hayo nakushukuru, una kichwa, ingawa moyo sijui uliuacha wapi.

Lakini kugonga bado. Chekeche nimekaza mpaka spana imenichubua mkono. Linagonga. Juzi sikuwasha moto kabisa kwa sababu kuni zilichelewa. Jiko lilikuwa baridi, nimeweka na kiganja juu yake. Nikakaa kwenye cherehani yangu, na mara likagonga. Sasa wewe fundi nieleze: chuma kisichokuwa na moto kinatanuka kwa sababu gani?

Dada yako


11 Juni

Dada, shikamoo.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Hata msimamizi wetu nimemsomea, naye chuma amekishika miaka mingi. Amesema labda ni ndege kajenga ndani ya bomba. Nikamwambia bomba limekwanguliwa juzi. Akaenda kunywa chai.

Jiko baridi haligongi lenyewe. Lazima kitu kinaligonga. Panda na mtu (yaani apande yeye) aangalie kifuniko kule juu kama hakichezwi na upepo. Kikicheza, kifungwe kwa waya. Halafu nimekumbuka jambo. Umesema ulikuwa umekaa kwenye cherehani. Cherehani ile inatikisa sakafu. Kama imekaa ubao mmoja na jiko, mtikisiko unafika kwenye bomba. Ihamishe upande wa dirishani.

Nasikia baridi huko imezidi. Vaa vizuri.

Na kuhusu mwashi, narudia. Nikisema lisiguswe nina maana lisiguswe. Ule mlango wa jiko niliufua mimi, mikono yangu iliungua.

Cheche


22 Juni

Mdogo wangu,

Mlango uliufua wewe, lakini chuma chenyewe nani alikishika? Haya, nimenyamaza. Nilisema simtaji.

Kifuniko kimefungwa kwa waya. Cherehani nimeihamishia dirishani, sasa kila apitaye njiani ananiuliza nguo yake. Na bado linagonga, tena nimegundua neno ambalo limenivuruga akili. Linagonga nikiwa nashona tu. Nikikanyaga cherehani ikichanganya kelele, dakika si nyingi, linaanza. Nikiacha, nalo linaacha. Nikisimama nikaenda kulisikiliza, kimya kabisa. Nikirudi kukaa na kushona, hilo tena! Ni kama linanivizia. Nimeanza kuliambia "wewe jiko, nimekusikia." Mwenye duka kanikuta naliambia, ameanza kuniletea matunda.

Hebu nikuelezee vizuri, labda utaelewa. Si kugonga ovyo. Ni ko-ko, mbili za haraka. Kimya. Halafu ko, moja peke yake, nzito kidogo. Kisha kimya kirefu, kirefu, kama mtu aliyeuliza swali. Kisha linarudia vile vile. Huo upepo gani unaojua kuhesabu?

Ndugu zetu nikiwaambia wanacheka. Shangazi amesema uchovu, nikapumzike kwake. Nikapumzike nani abaki hapa? Mwashi nimemwahidi aje mwisho wa Julai aling'oe. Naogopa, mdogo wangu. Sitaki siku moja nitoke kwenda sokoni nirudi nikute majivu, na aliyemo ndani hawezi kukimbia.

Dada yako

Kijiko hakijaonekana.


9 Julai

Wewe,

Sina salamu leo. Wiki mbili na zaidi nasubiri. Ugonjwa wa dereva wa lori, mvua, barabara, hayo yote nimeshajiambia kwa niaba yako. Nimekuuliza habari za jiko tu, sijakuuliza za moyo. Kama nalo limekuudhi sema, nijue kuwa hata chuma umegombana nacho.

Mwashi anakuja tarehe thelathini. Usije kuniambia sikukwambia.

Dada yako


10 Julai

Dada,

Nisamehe, nimekawia. Nilipoisoma ile barua yako niliiweka mfukoni nikarudi kazini, nikakata bamba refu mahali pasipo pake, msimamizi akanirudisha nyumbani. Siku nyingi nimekaa nayo.

Swali langu ni moja, nijibu hilo tu. Baba analala wapi siku hizi?

Cheche


20 Julai

Mdogo wangu,

Barua zetu zimepishana njiani, kwa hiyo ile yangu kali ichome.

Umeandika "baba". Mwaka mzima ulikuwa unaandika "yule", au huandiki kabisa. Nimelisoma neno hilo nikakaa chini.

Analala chumba kidogo nyuma ya jiko. Kile ambacho bomba linapita ukutani kabla ya kutoka nje, mlilipitisha hivyo makusudi lipashe joto. Nilimhamishia huko mwezi Februari. Sasa umeuliza, nami nitajibu, na ukasirike ukitaka. Mwezi huo alianguka mlangoni pa kiwanda chake cha uhunzi. Kiharusi. Upande wa kulia wote umelala. Mkono wa kushoto unafanya kazi. Kusema hawezi, hata neno moja, tangu siku ile.

Ulisema nisikuandikie habari zake, na mimi nilikuwa na hasira na wewe, nikasema vizuri, asijue. Ndiyo, nilikomoa. Wakati mwingine nilikaa kuandika, nikaishia kuandika habari za paka.

Daktari alisema akili huenda imeondoka pamoja na maneno. Ndugu wote wanasema hivyo, wanakuja wanasimama mlangoni wanamzungumzia kama hayupo. Na mimi pia, Mungu anisamehe, nimezoea. Namlisha, namfuta mdomo, namwambia "fungua mdomo, baba mzuri," kama mtoto mchanga. Ananiangalia halafu anageuza uso upande wa ukuta, upande wa bomba. Nilidhani ni baridi.

Mbona unauliza analala wapi? Hili lina uhusiano gani na jiko? Cheche, nimechanganyikiwa, usiniache hivi.

Dada yako


1 Agosti

Dada,

Shikamoo. Nimesoma barua yako nikiwa nje ya karakana, kwa sababu ndani wangeniona. Sina hasira na wewe. Ningekuwa wewe ningefanya vibaya zaidi.

Natumaini mwashi umemfukuza. Jiko halina kasoro. Kijiko chako cha supu anacho baba.

Wewe ulikatazwa kuingia kiwandani ukiwa mdogo kwa ajili ya cheche za moto, ndiyo maana hujui. Mle ndani husikii mtu akisema. Mhunzi ana koleo mkono mmoja na nyundo ndogo mkono wa pili, chuma kinapoa, hana nafasi ya kupiga kelele. Anasema kwa nyundo. Anagonga fuawe, lile pande la chuma analofulia, kwa ubavu wa nyundo hiyo: ko-ko, kimya, ko. Maana yake, "mpigaji, njoo, chuma kiko tayari." Mpigaji ni yule mwenye nyundo kubwa. Kwa baba mpigaji ni mmoja tu, nimekuwa mpigaji wake tangu nyundo inanizidi uzito. Halafu anasubiri jibu. Kile kimya kirefu ulichokisikia ni hicho, anasubiri.

Sasa fikiri. Yuko kitandani, anasikia cherehani yako inanguruma upande wa pili. Kwake hiyo ni kelele ya kazi. Kiwanda kimefunguliwa. Kwa hiyo anaita. Ukinyamaza anajua kazi imesimama, naye ananyamaza. Tangu Mei anaita, dada. Akili haijaondoka. Mtu aliyepoteza akili hakumbuki kuacha nafasi ya jibu.

Usiniulize kama nitakuja. Sitakuja. Alinivua aproni mbele ya wateja, akasema mikono yangu haifai hata kupuliza moto, eti kwa sababu niliunga bawaba ya mlango wa lile lile jiko kwa umeme badala ya kuifua. Hukuwepo, hukuona watu walivyocheka. Mimi bado nawasikia. Siwezi kuingia pale kana kwamba hakuna kilichotokea. Labda ananiita anitukane tena, nani ajuaye?

Lakini asiendelee kusubiri, si haki. Mjibu wewe. Chukua kitu cha chuma, nenda kwenye bomba upande wa sebuleni. Gonga mara moja, halafu buruza chuma hicho kwenye bomba taratibu. Maana yake, "basi, kimepoa, tupumzike." Ataelewa. Usigonge mbili za haraka peke yake. Hilo ni jibu la mpigaji, maana yake "nakuja." Usije ukachanganya.

Cheche


13 Agosti

Mdogo wangu,

Tupo, na mwashi nilimrudisha mlangoni ile tarehe thelathini na mfuko wake wa vyombo, kwa ajili ya lile swali lako. Amekasirika, atapoa.

Barua yako niliisoma nikaona kwanza nihakikishe. Nikamwita mwenye duka akanyage cherehani badala yangu. Akakanyaga kwa nguvu zote ulimi ukiwa nje, akaniharibia mkono wa sare ya muuguzi, sindano imepita mpaka kwenye kola. Mimi nikavua viatu nikachungulia chumba kidogo.

Cheche, alikuwa na kijiko changu mkono wa kushoto. Alikificha chini ya godoro kumbe. Akanyoosha mkono kwenye bomba, ko-ko, ko. Halafu akainua kichwa kutoka kwenye mto, shingo inatetemeka, akasikiliza. Akasikiliza mpaka kichwa kikamshinda. Akakilaza. Akakusanya nguvu, akaanza tena. Nililia pale mlangoni kwa mkono mdomoni. Miezi yote hiyo mimi nafunga vifuniko kwa waya!

Nikaenda sebuleni nikachukua mkasi wangu mkubwa. Nikasimama mbele ya bomba na barua yako. Sasa wewe nawe, karatasi moja umeandika hii na ile, moja ya kuburuza, mbili zisizoburuzwa, usifanye hivi, fanya vile. Mwenye duka anauliza nini kinaendelea. Mimi ni mshonaji, mambo ya nyundo nayajulia wapi? Nikagonga. Nadhani niligonga mbili.

Upande wa pili kukawa kimya. Kisha nikasikia kijiko kimeanguka chini.

Nilipokimbilia kule nilimkuta analia, lakini si kilio cha maumivu, upande mmoja wa uso unacheka. Tangu hapo hagongi tena. Jana alinionyesha msumari wa nyuma ya mlango kwa kidole, nikamletea kanzu, akakataa. Nikamletea koti, akakataa. Ilikuwa ile aproni ya ngozi, yako, sio yake. Ameiweka magotini. Anataka akalishwe kwenye kiti, anaangalia mlango. Nikimlaza ananguruma. Chakula anakula mwenyewe kwa mkono wa kushoto, anamwaga, na sithubutu tena kumwambia baba mzuri.

Sasa wewe ndiye fundi, nieleze. Nimemwambia nini? Na kama nimekosea, nifundishe namna ya kugonga ili aelewe kuwa nilikosea. Lakini nikishagonga, ile sura yake uje kuiangalia wewe, mimi siwezi.

Dada yako


23 Agosti

Dada,

Shikamoo.

Unajua vizuri sana ulichomwambia. Mtu anayepima kiuno kwa jicho asikosee hata kwa upana wa kidole kimoja, leo hajui moja na mbili? Nimecheka peke yangu mpaka fundi umeme akaamka. Halafu sikucheka tena.

Hakuna namna ya kugonga inayolifuta hilo. Mpigaji akishajibu, mhunzi anatoa chuma motoni, na kikishatoka lazima kipigwe. Hivyo ndivyo alivyonifundisha, na mimi sijawahi kujibu nikakosa kufika, hata siku ile ya wateja.

Naogopa, nakwambia wazi. Sijui nitamwambia nini. Nimejaribu kupanga maneno nikiwa kazini na yote ni ya kijinga. Afadhali hawezi kusema na mimi sijui kusema, tutalingana.

Nimeomba likizo, msimamizi amenipa. Nitapanda lori la yule dereva Jumamosi, Jumapili mchana nitakuwa kwenu. Usimpikie mtu yeyote makubwa. Usimwambie baba siku wala saa. Mlango wa mbele uache wazi tu, nipite sebuleni moja kwa moja hadi kwenye bomba. Nyundo ndogo nimeshaitia mkobani.

Na siku hiyo, dada, tafadhali usishone. Cherehani ifunikwe, mwenye duka abaki dukani kwake. Nataka nyumba iwe kimya, asikie vizuri kuwa safari hii si mkasi.

Cheche